Mama Mugonjwa Asiache Kunyonyesha

Mama mupendwa, sikiliza mafundisho haya. Na wewe baba, na wewe nyanya, sikilizeni, kwa sababu neno hili ni la nyumba yote.

Mama mumoja alileta hospitalini mutoto wake wa miezi 4. Mutoto alikuwa anahara, macho yake yameingia ndani, hana nguvu ya kulia. Nikamuuliza: "Mama, unamunyonyesha?" Akajibu: "Hapana, munganga. Nilishikwa na malaria, nikapewa vidonge. Mama mukwe alisema dawa itaharibu maziwa. Tukamupa mutoto maji ya sukari na uji."

Tazama sasa! Mama alipona malaria, lakini mutoto alikaribia kufa. Je, ni dawa iliyomuumiza? Hapana. Ni maji machafu na njaa.

Dawa inaingia katika maziwa? Ndiyo, dawa nyingi zinaingia, lakini kidogo tu. Ukipewa dawa ya malaria ya artemether-lumefantrine, ao parasetamoli kwa homa, ao amoksisilini, umeze na uendelee kunyonyesha. Lakini ujue hili pia: dawa kidogo ile ya maziwa haiwezi kuponya mutoto. Kama naye ana homa, umulete apimwe damu.

Na ugonjwa wenyewe? Malaria inaletwa na mbu, si maziwa. Kifua kikuu kinapita katika hewa ya kukohoa. Kwa hiyo mama mwenye kifua kikuu ameze dawa zake, afunike kinywa na pua kwa kitambaa, anyonyeshe. Na mutoto aletwe apimwe, apewe dawa ya kumukinga.

Ziwa likivimba na kuuma, usimukataze mutoto. Maziwa yakibaki ndani, maumivu yanazidi. Ukishikwa na homa, ao ukiona usaha, njoo upesi.

Virusi vya SIDA vinaweza kupita katika maziwa. Lakini mama anayemeza dawa zake kila siku, bila kuruka hata siku moja, anamukinga mutoto sana. Miezi 6 ya kwanza amupe maziwa yake tu, hata maji hapana. Nyuma yake aongeze chakula, na kuendelea kunyonyesha kama munganga anavyomwonyesha. Mutoto naye apewe dawa yake. Maombi ni mazuri, lakini usitupe vidonge.

Kuna magonjwa na dawa zinazokataza kunyonyesha. Mama mwenye Ebola, ugonjwa uliosumbua Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu 2018 mpaka 2020, anapaswa kuacha mara moja. Hata dawa nyingi za kansa zinakataza. Na majani ya kienyeji, nani anajua kipimo chake? Usiyanywe.

Basi, kila mara unapopewa dawa, sema maneno haya mbele ya kuimeza: "Munganga, ninanyonyesha. Mutoto wangu ana miezi fulani." Mara nyingi atakuambia uendelee, ao atachagua dawa ingine. Akikuambia uache siku chache, kamua maziwa kwa mukono na kuyamwanga, yasikauke, na umuulize mutoto atalishwa nini.

Mutoto yule alirudishwa ziwani, akanyonya, akapona. Usingoje wako ahare ndipo uulize.