Maradhi ya Mlipuko na Safari ya Chakula

Wengi wetu tumezoea kuamini kuwa njaa huletwa na ukame, nzige au mafuriko. Mwaka 2020 ulionyesha njia nyingine. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza, tarehe 11 Machi 2020, kuwa Korona ni janga la dunia nzima, ardhi haikuwa imepungukiwa rutuba wala mkulima hakuwa ameweka jembe chini. Kilichokatika ni safari ya chakula kutoka shambani hadi jikoni.

Mazao hayafanani katika kungoja. Mahindi yaliyokauka vema yakikaa ghalani mwezi mzima hayana neno. Nyanya haina subira hiyo. Tazama mboga za Arusha na Kilimanjaro ziendazo Ulaya. Nyingi husafiri kwa lori hadi uwanja wa ndege wa Nairobi, na sehemu kubwa ya mizigo ya namna hiyo hupakiwa tumboni mwa ndege za abiria. Abiria walipozuiwa, ndege zilisimama, nafasi ikawa adimu na nauli ya mzigo ikapanda. Mkulima ambaye hajapata kupanda ndege maishani mwake akaingia hasara kwa kuwa watalii hawakupanda.

Mipakani hali ilikuwa ngumu zaidi. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania, isipokuwa kwa malori ya mizigo, na madereva wakatakiwa kupimwa. Huko Malaba, njia ya Uganda, foleni ya malori ilifika makumi ya kilometa. Namanga ulizuka mvutano, hata mawaziri wa nchi zetu mbili wakakutana hapo mwezi huohuo na kukubaliana kuwa dereva apimwe nchini kwake kabla ya kuondoka. Silaumu upimaji, uhai ni kitu cha kwanza. Lakini posho ya dereva anayengoja, pamoja na mzigo uliooza, mfanyabiashara huvikata katika bei ya shambani.

Tena shule na hoteli, wanunuzi wa jumla, zilifungwa. Hivyo mkulima aliweza kulia kwa bei ya kutupa wakati uleule kibarua wa mjini aliyekosa kazi akishindwa kununua.

Hapa ndipo chama kinapoumia. Nyanya huoza, lakini deni la pembejeo lililomo daftarini halioзi kamwe. Chama chenye mnunuzi mmoja na barabara moja, kwa maoni yangu, kimekopesha wanachama wake bila dhamana, hata kama karatasi zote zina mihuri. Mbolea nayo, itokayo ng'ambo kwa meli, ilipanda bei sana mwaka 2021. Waliochelewa kuagiza walilipa zaidi.

Katika ukaguzi ujao kila Katibu atatakiwa kuonyesha orodha ya wanunuzi wa kila zao, madeni ya pembejeo kwa kila mwanachama, na tani ambazo ghala lake linaweza kuhifadhi. Sehemu ya ghala ambayo paa lake linavuja isihesabiwe.