Kwa Nini Barua Haikuwafikia Wote?

Tuseme katibu wa chama cha walimu wa sayansi amewatumia wanachama 60 barua pepe moja, kuwaarifu kwamba siku ya mtihani wa vitendo imesogezwa mbele. Walimu 48 wamejibu. 12 wako kimya. Kompyuta ya katibu yaonyesha kwamba barua "imetumwa". Akitosheka na neno hilo, huenda wanafunzi wa shule 12 wakafika maabara mtihani umekwisha pita.

"Imetumwa" maana yake ni kwamba seva ya mtumaji, yaani kompyuta inayosambaza barua, imeipokea. Seva hiyo huipelekea seva ya kila mpokeaji, nayo hujibu kwa namba ya tarakimu tatu, kwa kanuni zilizotolewa mwaka 1982. Namba ianzayo na 2 ni kukubali. Ianzayo na 4 ni kizuizi cha muda. Barua itajaribiwa tena. Ianzayo na 5 ni kukataa kabisa. Majibu hayo huandikwa katika kumbukumbu za seva, na huko ndiko kwa kuanzia uchunguzi.

Kisha tuwapange waliokosa. Ikiwa kila mmoja anatumia huduma yake, tukague anwani moja moja: pengine herufi imekosewa, sanduku limejaa, au barua imewekwa pamoja na barua taka. Ikiwa wote wanatumia huduma moja au mbili, yaelekea sababu ni moja, nayo iko baina ya seva na seva.

Jambo la namna hiyo lilitokea Aprili 2014. Ili kuwazuia matapeli, Yahoo iliziagiza seva nyingine zikatae barua yoyote yenye anwani ya Yahoo ambayo asili yake haikuthibitika. Lakini barua ya kikundi hupitia seva ya kikundi, ambayo huituma upya, na aghalabu huongeza maneno yake. Hivyo barua ya haki ilionekana kutoka mahali pasipo pake, na sahihi yake ya kidijiti ikabatilika, mfano wa bahasha iliyovunjwa lakiri. Seva zilizotii agizo ziliikataa, zisizokagua ziliipokea. Tena, wapokeaji waliokataliwa barua mara nyingi walisimamishwa na programu za vikundi, ingawa hawakuwa na kosa lolote. Dawa iliyotumika sana ilikuwa kuweka anwani ya kikundi mahali pa anwani ya mwandishi, jina lake likibakia.

Basi katibu wetu afanyeje? Kwanza awapigie simu walimu wale 12, kwa kuwa mtihani hausubiri. Ndipo asome kumbukumbu, awapange waliokosa, na abadilishe jambo moja tu kwa kila jaribio, kama tufanyavyo maabara. Akibadilisha mambo matatu kwa pamoja, barua yaweza kufika, lakini hatajua ni lipi lililoifikisha.