Je, Wajua? Mvua ya Kisumu hupenda saa za tamasha

Kwamba tamasha la Dunga au Mamboleo, Kisumu, linaweza kuanza kwa jua kali, na jioni umati ukanyeshewa mvua ya radi? Mchana nchi kavu hupata joto kuliko Ziwa Victoria. Upepo wa ziwa huvuma kuelekea bara ukibeba unyevu, hukutana na upepo wa mashariki, na mawingu hupanda. Usiku mambo hugeuka: dhoruba huhamia ziwani, wavuvi wa omena wakiwa wamewasha taa zao. Hao ndio walio hatarini zaidi.

Kwenye tamasha, turubai halizuii radi, wala mti. Sekunde 3 kati ya mwanga na ngurumo humaanisha radi iko kilomita 1 tu. Ondokeni mapema, bila kusukumana, mwingie kwenye jengo, na msirudi uwanjani hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.