Losheni Inaharibika Hata Ukiweka Kihifadhi? Angalia EDTA

Wewe unayetengeneza losheni na kuuza mtandaoni, hii inakuhusu. Kuna bakteria anapenda sana maji, anaitwa Pseudomonas. Utando wake wa nje umeshikwa na madini ya kalsiamu na magnesiamu, ndo maana vihifadhi vingi vinapata shida kupenya. EDTA inayanyakua madini hayo, utando unalegea, kihifadhi kinaingia.

Kipimo cha kawaida ni asilimia 0.1 hadi 0.2, yaani gramu 1 mpaka 2 kwa kilo nzima ya losheni. Iyeyushe kwenye maji kwanza.

Ila usiache kihifadhi! EDTA peke yake haitoshi. Bakteria huyu akiingia kwenye kidonda au jicho la mteja, ni hospitali. Mteja huyo harudi, na wenzake atawaambia.