Malta: kisiwa kidogo, likizo ya familia nzima

Malta iko katikati ya Bahari ya Mediterania, kilomita 90 hivi kusini mwa Sicily. Visiwa vyake vinavyokaliwa ni vitatu, Malta, Gozo na Comino, na eneo la nchi nzima ni kilomita za mraba 316 tu: Unguja peke yake ni kubwa mara tano. Kwa familia iliyodunduliza fedha miaka kadhaa, udogo huo ni neema. Watoto hawamalizi siku wakisinzia garini, na kivuko cha kwenda Gozo huchukua dakika 25 hivi.

Wenye watoto wadogo wanafaa kukaa kaskazini, karibu na Mellieħa. Ufuko wake ni wa mchanga, na maji hubaki ya magotini kwa hatua nyingi kutoka ukingoni. Si kila mahali pako hivyo. Sehemu kubwa ya pwani ya Malta ni mwamba mtupu, na viatu vya kuingilia majini vinahitajika. Jirani kuna kijiji cha mbao kilichojengwa kwa ajili ya filamu ya Popeye ya mwaka 1980, ambacho sasa ni bustani ya michezo ya watoto.

Watoto wakubwa watavutiwa zaidi na mawe. Mji wa Valletta ulianza kujengwa mwaka 1566, baada ya wapiganaji wa Shirika la Mtakatifu Yohane kustahimili kuzingirwa na majeshi ya Waturuki. Mahekalu ya Ġgantija, huko Gozo, yanayatangulia mapiramidi ya Giza kwa takriban miaka 1,000.

Lakini linalomgusa Mswahili kuliko yote ni lugha. Kimalta kilizaliwa na Kiarabu cha Sicily, kikaongezewa maneno mengi ya Kiitalia, na huandikwa kwa herufi za Kirumi. Bahari huitwa baħar, dunia ni dinja, kitabu ni ktieb; sita ni sitta, na ishirini ni għoxrin. Mtoto aliyelelewa Tanga au Mombasa atazitambua baadhi ya namba sokoni kabla hajafundishwa. Bandarini Marsaxlokk atakuta mashua za wavuvi zimechorwa macho kwenye omo, desturi isiyo ngeni kwa watu wa Lamu. Kiingereza nacho ni lugha rasmi, kwani Waingereza walitawala hadi mwaka 1964. Magari pia hupita kushoto.

Julai na Agosti jua huwa kali, joto hupita nyuzi 30, na ghuba ya Blue Lagoon huko Comino hufurika watu. Septemba ni bora, maana bahari bado ina joto. Likizo ya shule ya Desemba huangukia majira ya baridi na mvua. Ni wakati wa kutembelea miji, si wa kuogelea.

Malta imo katika eneo la Schengen, hivyo Watanzania na Wakenya huhitaji viza, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na hayapaswi kupelekwa zikiwa zimesalia chini ya siku 15. Kila mtoto huombewa viza yake. Familia isilipie tiketi zisizorudishwa fedha kabla viza ya mtoto wa mwisho haijatoka.