Perege wa Mabwawa katika Vilima vya Nizi

Nizi, mji ulio kaskazini ya Bunia, mkoani Ituri nchini Kongo, umejulikana zaidi kwa dhahabu, iliyogunduliwa katika eneo la Kilo mwaka 1903, kuliko kwa samaki. Walakini vijito vipitavyo kati ya vilima vyake vyaweza kulisha mabwawa ya perege, mradi mfugaji ateue maji yasiyoingiliwa na tope wala zebaki ya wachimbaji, sharti ambalo kwangu mimi latangulia mengine yote.

Ufugaji huu si jambo geni: serikali ya Wabelgiji iliuhimiza mno katika miaka ya 1940 na 1950, hata mabwawa yakaenea vijijini kote Kongo, kisha mengi yakaachwa, na sababu mojawapo ni kwamba perege huzaa kupita kiasi, jike akiyaatamia mayai kinywani mwake, hata bwawa likajaa vifaranga wanaogombea chakula kimoja wala hawakui. Ndiyo maana wafugaji wengi wa leo hupenda kuweka madume pekee, maana hao hunenepa upesi kuliko majike.

Bwawa la udongo lenye kina cha mita moja hivi hurutubishwa kwa samadi mpaka maji yawe kijani. Mfugaji huzamisha mkono, na kiganja kikitoweka machoni kabla ya maji kufika kiwiko, chakula cha asili kimetosha. Huko Jinja, katika Ziwa Viktoria, hutumiwa vizimba vya nyavu, navyo hudai chakula cha kununuliwa kila siku, gharama nzito kwa mkulima wa Ituri. Tena perege hustawi katika joto la sentigredi 25 hadi 30; kwa hiyo, katika baridi ya vilima hivi, mavuno hukawia kuliko bondeni kwenye Ziwa Albert.