Alama nzuri pekee hazitoshi: Kionyeshe chuo kwamba unakitaka

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwanafunzi wa Kenya anayetaka kusomea Marekani mara nyingi huuamini msemo huu: hutuma alama zake, akanyamaza, akasubiri majibu. Kumbe katika vyuo vingi vya huko, hata kizuri sharti kijitembeze.

Humu nchini, shirika la KUCCPS hugawa nafasi kwa kutegemea alama za KCSE, kozi alizochagua mwanafunzi na idadi ya nafasi zilizopo. Hakuna anayeulizwa iwapo anakipenda chuo. Nchini Marekani kila chuo hujichagulia wanafunzi wake, na mwombaji anaweza kutuma maombi kwa vyuo vingi kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo penye tatizo. Tuseme chuo kina nafasi 500. Kikiwaita wanafunzi 2,000, na mmoja kati ya kila wanne akaitikia, kimejaa. Wakija wachache, madarasa hubaki matupu na karo hupungua. Wakipita kiasi, malazi hukosekana. Ndiyo maana afisa wa usajili hujiuliza: je, huyu tukimwita atakuja?

Mwanafunzi mwenye alama za juu ambaye hajawahi kuwasiliana na chuo huweza kudhaniwa amekiweka kama akiba tu. Hivyo basi, anaweza kuachwa huku mwenzake aliyezidiwa kwa alama kidogo tu, lakini aliyeonyesha nia, akichukuliwa.

Hata hivyo, si vyuo vyote vinavyojali jambo hili. Harvard, Yale, Stanford na MIT havilizingatii. Ili kujua msimamo wa chuo unachokitaka, tafuta katika tovuti yake waraka uitwao Common Data Set. Sehemu ya C7 huonyesha iwapo hamu ya mwombaji ni jambo muhimu sana, muhimu, linalozingatiwa tu, au lisilozingatiwa kamwe.

Kuonyesha nia hakuhitaji nauli ya ndege. Kwanza, jiandikishe kupokea habari za chuo, ukitumia jina na anwani ya baruapepe utakayoitumia katika maombi. Fungua barua unazotumiwa, kwani baadhi ya vyuo hufuatilia ni nani aliyezisoma. Hudhuria vikao vya chuo kupitia mtandao, na ukialikwa kwa mahojiano, usikatae.

Aidha, vyuo vingi humtaka mwombaji aandike insha fupi kueleza kwa nini amekichagua chuo hicho. Insha inayoweza kutumwa kwingine kwa kubadilisha jina la chuo tu haina uzito. Taja kozi, maabara au mradi unaokuvutia, na ueleze unahusiana vipi na yale unayonuia kuyafanya.

Usiwasumbue maafisa kwa barua zisizo na haja. Swali moja ambalo tovuti haijalijibu lina thamani kuliko salamu kumi.

Kuna pia njia ya maombi ya mapema yenye ahadi, ambayo kwa kawaida hufungwa mwanzoni mwa Novemba. Mwombaji huahidi kwamba akikubaliwa atajiunga na chuo hicho na kuyaondoa maombi mengine. Hii ndiyo ishara kubwa kuliko zote, lakini wazazi wasio na uwezo watahadhari. Msaada wa karo usipotosha, mwanafunzi anaweza kuomba aondolewe katika ahadi hiyo. Ila atakuwa amepoteza fursa ya kulinganisha misaada ya vyuo mbalimbali. Ulizeni gharama kabla ya kutia sahihi.

Nia haichukui nafasi ya alama, wala wakala hawezi kukununulia. Chagua vyuo vichache unavyovitaka kwa dhati, uvisome vizuri, kisha uvieleze hivyo mapema.